Udi wa Fundi Seifu

Jambo hili nimelikalia miaka mingi na aibu yake haijapungua hata kidogo, kwa hiyo mkitaka kunicheka chekeni tu, ila mnisikilize mpaka mwisho, maana mwisho wake hauchekeshi.

Wakati huo nilikuwa Mikindani, nimetoka Lindi kwenye mkonge, na kabla ya Lindi nilikuwa kuli bandarini Mtwara, na kabla ya hapo sitaki hata kuhesabu (shule niliiacha darasa la nne, lakini sijawahi kukiona kitu nisikishike nijue kinafanyaje kazi, na huo ndio ugonjwa wenyewe). Fundi Seifu, mshona kanzu, alinipa chumba cha uani bila kuniuliza nitakaa mpaka lini. Ukutani kwake ulining'inia udi, ule wa nyuzi wa kupigia taarabu, ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona marehemu mkewe, na tangu mama huyo afariki hakuna aliyeusikia ukilia.

Ndipo ikaja ile okestra, watu kumi na wawili kutoka Dar es Salaam, Waafrika, Wahindi na Wazungu, wana fidla za kila ukubwa, hata moja ambayo mpigaji aliibana kwa magoti kama anayemkama mbuzi. Walizunguka mikoani wakipiga na wenyeji, na kila mji walimtafuta mtu wa kutangulia mbele na chombo chake, wao wamfuate. Kiongozi wao, mama wa Kizungu tuliyemwita Mama Fidla, akasikia habari za udi, akaja kukaa barazani kwa Fundi siku tatu, hamshurutishi, anakunywa kahawa tu, na siku ya tatu Fundi mwenyewe akaushusha ule mfuko. Akapiga wimbo mmoja aliokuwa akimpigia mkewe. Mama Fidla akauandika wote kwenye karatasi, wakakubaliana kwamba fidla zitapiga kidogo zinyamaze, udi ujibu, ziendelee, zinyamaze tena, na chini yake iende ngoma ya Chipande, Mmakonde wa Mpapura.

Usiku wa kuamkia onyesho Fundi aliniambia, "Hamisi, nikiweza kuupiga mara moja mbele za watu, nitaweza kuupiga tena nyumbani."

Kesho yake tulikwenda Mtwara kwenye onyesho, na mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ukumbini kila mtu analalamika, wapiga fidla wanasokota vigingi, nyuzi hazitulii, na Fundi naye anasema udi wake umelowa sauti. Chipande peke yake hakulalamika. Alikuwa nyuma ya ukumbi, chini ya kibanda, amewasha makuti, anaziegemeza ngoma motoni na kuzigeuza, anazigonga kwa kidole mpaka ngozi inakaza na kutoa sauti kavu. Nilimtazama nikaona hiyo ndiyo dawa ya mambo yote. Adhana ya alasiri ikasikika, Fundi akanipa udi nimshikie akaswali, na Chipande naye akaenda kubadilisha nguo.

Basi nikajiuliza, kama ngozi iliyolegea kwa maji inakazwa kwa moto, mbao ina ubaya gani? (Hakuwapo wa kunijibu, na angekuwapo ningembishia.) Nikauegemeza udi mahali pa ngoma, nikaugeuza mara mbili kitaalamu kabisa, kisha nikachungulia ukumbini kuiona vizuri ile fidla ya magotini, nikanogewa, na hapo nikasikia nyuma yangu mlio kama kuni inayovunjika.

Kibao kinachoshika nyuzi kilikuwa kimebanduka, gundi imeyeyuka, na uso wa udi una ufa kutoka juu mpaka chini. Msikiti haukuwa mbali. Ningeweza kukimbia nikamsubiri mlangoni. Badala yake niliurudisha udi mfukoni, nikafunga kamba vizuri, na aliporudi nikampa kwa mikono miwili, na akanishukuru.

Aliufungua jukwaani, mbele ya ukumbi uliojaa, amevaa kanzu mpya aliyojishonea kwa siku hiyo. Nyuzi zikamwagika magotini mwake. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Fundi, huo udi au tenga la samaki?" na watu wakacheka, kisha wakamwona uso wake, wakaacha. Akauinua karibu na pua, akaunusa, akanitazama pale mlangoni. Mama Fidla alichuchumaa akamuuliza kimetokea nini.

"Ni wa zamani," Fundi akasema. "Umechoka."

Nilidhani wataufuta wimbo ule. Waliupiga. Fidla zikaanza, zikafika mahali pake zikanyamaza, na ngoma nayo ikanyamaza, hakuna aliyethubutu kulijaza pengo lile, na wote wakasubiri mpaka zamu yake iishe ndipo wakaendelea. Ikawa hivyo mpaka mwisho. Kila wakinyamaza, vidole vya Fundi vilikuwa vinatembea juu ya kanzu.

Tulirudi Mikindani kwenye lori moja, yeye amepakata mfuko. Nilikaa wiki nzima ndipo nikamwambia, naye alikuwa anashona, wala hakuondoa mguu kwenye cherehani.

"Moto hukuujua, Hamisi. Lakini mdomo ulikuwa nao."

Hakunifukuza, na chakula changu cha jioni aliniwekea kama kawaida. Asubuhi nilifunga nguo zangu nikaenda Masasi, na huko, miaka baadaye, nikaambiwa Fundi Seifu amefariki na udi umekutwa mfukoni mwake vilevile, haujaguswa.

Siku hizi nikiharibu kitu cha mtu namfuata nacho mkononi kabla hajakiulizia, na nimeapa nitafanya hivyo mpaka nizikwe. Nimeshatukanwa sana, na sokoni Masasi nilipigwa kofi watu wakitazama, lakini kofi lile halikuniuma kama alivyoniuma yule aliyenisitiri.