Bi Jalila Aichunguza Posa ya Digirii

Hakuna posa iliyopita Mtongwe bila ya Bi Jalila kuichunguza. Ukitaka kumwoza binti yako, wamwendea kwenye karai lake la viazi vya kuuza, wamtajia kijana, naye baada ya siku tatu akuletea habari kamili: analala wapi, anadaiwa na nani, na amemjibu nini mamake Ijumaa iliyopita. Posa saba amezivunja kwa mkono wake, na wenyewe hadi leo wamshukuru. Isipokuwa mmoja, na huyo tumwache.

Sasa binti yake mwenyewe, Hanan, akaitwa chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme, miaka mitano. Mama wa watu alishikwa na homa. Mkopo wa masomo, hadi kumaliza, ungefika laki tano na nusu, na fomu yatakiwa irudi Ijumaa ikiwa na sahihi ya mdhamini. Bi Jalila hesabu zake huzifanya kwa viazi, na kiazi karai ni shilingi kumi.

"Viazi elfu hamsini na tano!" akapiga kelele. "Wallahi hata hilo karai lingeomba talaka!"

Kakake Bi Jalila, Junaid, ndiye walii wa Hanan, yaani ndiye wa kumwoza: babake alifariki bila ya kuacha ndugu wa kiume, na kadhi akampa yeye idhini. Alikuja alasiri, akanywa kahawa vikombe vitatu, akatoa uamuzi. "Mainjinia wamejaa mitaani, dada. Mmoja namjua, auza laini za simu. Yuko kijana wa Mkomani ana duka la simiti. Mtoto na aozwe, na deni tusilione."

"Huyo wa simiti nilishamchunguza," akajibu Bi Jalila. "Adaiwa mpaka na muuza maji."

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Hii digirii nayo si posa? Yataka kumtoa mwanawe nyumbani, ikae naye miaka mitano, na imwachie deni. Haya basi, itachunguzwa kama posa nyingine.

Ana kanuni moja katika kazi hiyo: humuulizi mama wa kijana, wamuuliza mke aliyekwisha kuishi naye. Kwa hivyo chuoni hakwenda. Alijitanda buibui lake la upelelezi, akaenda Likoni kwa Taufiq, aliyehitimu uhandisi huo miaka mitatu nyuma, na sasa afunga nyaya za stima kwa kontrakta mmoja.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. Niambie kweli, hii digirii yakulisha?"

Taufiq akaweka bisibisi chini. "Yanilisha, bi. Kunishibisha, bado."

"Kwa mwezi?"

"Elfu thelathini na mbili. Mkopo wakata elfu nne."

Bi Jalila akafunga macho, akahesabu. Laki tano na nusu kwa elfu nne nne: miaka kumi na moja na ushei, na riba hajaitia. Sababu ya kuvunja keshaipata. Kisha akakumbuka kuwa karai lake, akiondoa mafuta na makaa, humwachia elfu kumi na nane kwa mwezi. Kijana huyu, na deni lake mgongoni, amzidi kwa elfu kumi, na hanuki mafuta! Wala hakufurahi, maana alikwenda kuvunja.

Akavuka feri, akapanda matatu hadi Nyali, kwa Wanjiru, injinia wa hoteli moja aliyewahi kuwa jirani yake. Wanjiru hakumficha kitu.

"Mama, mwaka na nusu nilikaa bila kazi, nikila chakula cha mamangu pamoja na maneno yake. Sasa nina miaka sita kazini, napata elfu themanini. Deni limebakia la miaka miwili. Na bado wageni wakiniona huniuliza fundi yuko wapi."

"Ungeposwa nayo tena, ungekubali?"

Wanjiru alifungua mdomo ajibu, simu ikalia: lifti imekwama, wageni wanne wamo ndani. Akaondoka mbio, mkoba wa vyombo wampiga kiunoni. Bi Jalila, aliyekwisha kuzisoma nyuso za wake wengi, akaona kuwa Wanjiru anacheka. Akanyanyuka akaenda zake.

Alhamisi akatoa ripoti, Junaid yuko mkekani. "Kipato chake cha mwanzo ni kidogo. Huanza kwa uvivu. Ina deni, na mahari ati atoe bibi arusi, mambo gani haya! Lakini haipigi, haiongezi mke wa pili, na ukishaipata hakuna wa kukuandikia talaka."

"Aulizwe mwenyewe," akasema Junaid. "Hanan!"

"Abee, mjomba." Akaja, akakaa.

"Tukuoze kijana wa Mkomani, tuepukane na deni?"

Hanan, ambaye siku zote huwamalizia watu maneno yao, aliinamisha kichwa. Aliitazama mikono ya mamake yenye alama za kuungua, asiseme lolote.

Junaid akapiga paja. "Amenyamaza. Ameridhia." Na kweli, ndivyo ilivyo desturi: mwari akiulizwa akanyamaza, huhesabiwa amekubali.

"Hajaridhia!" Bi Jalila sauti ilimtoka mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, Junaid. Mkaniuliza, nikanyamaza kwa woga, mkapiga vigelegele. Nilikuwa nataka kusoma. Hakuna aliyenichunguza moyo. Huyu wangu atasema kwa mdomo wake."

Machozi yakamtoka Hanan. "Mama, deni naliogopa. Lakini naitaka. Naitaka sana."

"Basi."

Fomu ikaletwa. Junaid, kwa mazoea ya walii, akanyoosha mkono kuchukua kalamu. Bi Jalila akaiwahi. Ameozesha nusu ya Mtongwe, na sahihi yake haijatakiwa hata siku moja. Akaandika jina lake mahali pa mdhamini, polepole, herufi zote, akaacha na doa la mafuta pembeni. Kisha akapiga kigelegele, peke yake, kirefu.

Majirani wakaja mbio. "Nani kaposwa?"

"Hanan!"

"Na nani?"

"Na stima," akasema Bi Jalila, akijifuta macho kwa ncha ya leso. "Mahari twatoa sisi. Na walii ni mimi."