Mguu wa Léopold

Siku mguu wa Léopold uliporuka, Pierrette alipiga vigelegele hadi jirani akaacha chungu jikoni.

Tangu mumewe aanguke na gunia la samaki kule Mununga na kuumia uti wa mgongo, miguu yake ilikuwa mzigo tu. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya tanuru, mkewe akikausha samaki, cheche ikamrukia unyayoni. Mguu ukajikunja wenyewe.

"Papa Bénie, ulisikia moto?" Pierrette akamuuliza mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Hapana, mama. Sikusikia kitu."

Pierrette hakutaka jibu hilo. Alimwahidi mchungaji kwamba Jumapili atatoa ushuhuda wa uponyaji, na kila jioni akawa anasogeza kaa la moto kwa koleo mpaka mguu uruke, ili imani isipoe. Jamani, mapenzi nayo! Alikuwa akimchoma mume wake kwa furaha.

Thelma, muuguzi, alipokuja kumsafisha vidonda vya mgongo, aliona malengelenge kwenye unyayo. Hakukaripia. Aliketi, akaeleza kwa Kiswahili chake cha sokoni, akimwita mayo, yaani mama.

"Mayo, moto ikipiga ngozi, habari inapanda mpaka ku mugongo. Mugongo haingoje kichwa, inajibu palepale: vuta! Hata weye ukigusa chungu ya moto, mukono inatoka kwanza, kisha njo kichwa inasikia uchungu. Kwa papa, njia ya kwenda ku kichwa ilikatika. Mugongo inajibu, yeye hajue."

"Basi hatatembea?"

Thelma akamshika mkono. "Sizani, mayo. Na moto ikimukula, hatakuambia. Weye njo utamuchunga."

Pierrette alilia bila kujificha. Jumapili hakusimama kutoa ushuhuda. Lakini samaki hawangoji mtu amalize kulia, na Jumatatu alikuwa tena mbele ya tanuru, Léopold kando yake, miguu imefunikwa kitenge.

Mafuta ya samaki yakadondoka, moto ukalipuka, kaa likatua juu ya goti la Léopold. Kabla hajafikiri lolote, Pierrette alikuwa ameshalikamata kwa vidole. Mkono ukajitupa wenyewe, kaa likaangukia mchangani.

"Aïe!" Léopold alilia, uso umekunjamana, akiunyakua mkono wa mkewe na kuupuliza.

Pierrette mwenyewe alikuwa hata hajaanza kuusikia moto.