Picha Niliyoiondoa

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilisomea kutengeneza kurasa za intaneti mahali ambapo intaneti yenyewe haikuwapo. Chuo chetu mjini Kericho kilikuwa na kompyuta sita, zimefunikwa vitambaa kama makochi ya sebuleni, na tulivua viatu mlangoni kabla ya kuzikaribia. Amri zote tuliziandika kwanza kwa penseli kwenye daftari, kisha tukapanga foleni kuziingiza kwenye mashine. Mradi wangu wa kwanza ulihusu kwetu Siongiroi: ng'ombe, mahindi, siku ya soko. Maandishi yalikuwa mekundu juu ya manjano, tena yanawaka na kuzima. Mwalimu alicheka, akanipa alama nzuri, halafu akatuonya darasa zima: "Ukurasa mzito haufunguki. Mtu akingoja sana, anaondoka."

Muhula uliofuata nilipelekwa atachimenti, mafunzo ya kazini ya miezi mitatu, katika kiwanda kimoja cha chai. Meneja alitaka wanunuzi wa ng'ambo wakione kiwanda chake kwenye kompyuta, na kazi hiyo nikakabidhiwa mimi. Shida ni kwamba chai sikuijua. Kwetu chai ilikuwa kitu cha kunywa na maziwa mengi, basi. Meneja akaniambia nimfuate karani wa mizani, yeye angenieleza.

Karani huyo alikuwa mzee wa kutoka upande wa ziwa, aliyekaa kiwandani miaka mingi kuliko baadhi ya mashine. Alinitembeza kila chumba. Kwenye vitanda vya kunyaushia alichota majani mkono mmoja akanipa. "Finya. Yakivunjika, bado. Yakilala kama kitambaa, tayari." Nilipoandika maelezo yangu aliyasoma yote, akakata maneno aliyoona ni ya kujidai. Nusu ya kilichokuja kuwa ukurasa ule ni sauti yake. Aliniita nyathina, mtoto wangu kwa Kijaluo, tangu siku ya kwanza.

Siku moja, mvua ya alasiri ikipiga mabati, aliniuliza, "Hii kitu ukimaliza, mtu akiwa Uingereza ataiona?"

"Ataiona, mzee. Popote alipo."

Akasogea karibu. "Binti yangu anasomea uuguzi huko. Mwaka wa tatu huu hajaniona. Unaweza kuniweka, hata kwenye kona?"

"Nitakuweka. Hiyo si shida."

Mpiga picha alipokuja kutoka mjini, mzee alikuwa amevaa koti na tai. Alisimama kando ya mizani, mkono mmoja juu yake, akakataa kutabasamu. Kisha, sekunde ya mwisho, akatabasamu.

Tulijaribu ukurasa ofisini kwa meneja, penye laini ya simu. Picha ya mzee ilishuka polepole kutoka juu: paa, kisha ukuta, kisha paji la uso wake. Hapo ikakwama. Meneja akatazama saa yake. "Hii inachukua muda," akasema, akaenda kuongea na dereva nje.

Hakuniambia niiondoe. Niliiondoa mwenyewe, nikijiambia kwamba mwalimu alinifundisha hivyo. Nikabakiza picha ya mashamba ya chai, na chini yake nikaandika jina langu, pamoja na kikombe kidogo kinachozunguka nilichokuwa nimekitengeneza kwa siku mbili na kukipenda sana. Kikombe kile nacho kilikuwa kizito. Sikukigusa.

Disketi zikatumwa Nairobi, ukurasa ukawekwa hewani. Mzee akaja mezani kwangu.

"Nimo?"

"Umo, mzee."

Nilisema kirahisi hivyo. Akachukua kalamu, akanakili anwani herufi kwa herufi, akaniuliza mara mbili kama nukta amezitia mahali pake, akaiweka ndani ya barua ya binti yake.

Jibu lilifika wiki kadhaa baadaye. Alinisomea kwa Kiswahili, akitafsiri taratibu. "Baba, nimefungua ukurasa huku maktabani. Nimeona majani, nimeona jina la msichana. Wewe sijakuona. Nimengoja, nikidhani unachelewa kufunguka, mpaka nikaambiwa muda wangu umekwisha, kuna wengine wanaongoja."

Akaikunja ile karatasi ya buluu. "Labda kompyuta za huko ni za zamani," akasema. Alikuwa ananitetea, mbele yangu mwenyewe.

Ningeweza kusema hapo. Lakini wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa anakuja kunikagua, na niliogopa mzee akinuna meneja atauliza sababu.

"Labda, mzee," nikasema.

Ukaguzi ulipopita nilimwomba meneja tutume disketi nyingine, kuna picha niliisahau. Akasema ukurasa uko sawa, kazi imeisha. Sikumsihi. Ripoti yangu ilisifu ukurasa mwepesi, unaofunguka haraka. Mama yangu aliionyesha kwa majirani.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimeajiriwa Kericho katika duka la kuchapa barua. Mama mmoja akaingia na fomu za mumewe za kustaafu. Nilipoona jina la yule karani wa mizani, nikainua macho. Naye alikuwa ananitazama.

"Si wewe yule msichana wa kompyuta? Mzee alikutaja sana. Sasa tunahama, tunarudi nyumbani. Kanisani ameshawaambia wote yuko kwenye intaneti."

Nikamuuliza kama binti alifanikiwa kumwona.

"Alimwona! Aliandika tena, akasema siku ile mashine ilikuwa mbovu. Baadaye alifungua vizuri, akamwona baba yake na koti lake."

Koti hilo, nadhani, ndilo lililokuwa likivaliwa kila Jumapili. Binti hakuhitaji picha kulijua.

Nikapiga chapa fomu zile, nikazisoma mara mbili kusiwe na kosa. Mama akazipanga vizuri ndani ya bahasha, akaniuliza kama nina neno la kumpelekea mzee. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya kumwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso, na ningeweza kuomba ruhusa ya saa moja nikaenda.

"Msalimie sana," nikasema.

Juma hilo walihama. Sikuwahi kwenda.