Bi Zuhura, Pembea na Picha Niliyoikimbia

Haya, chekeni mapema mmalize, maana aibu yangu hii ilifika Kiwayu kabla sijajitoa chokaa masikioni, na kama ni kutiwa chumvi bora niitie mimi mwenyewe.

Kulikuwa na mafunzo ya sisi mafundi wa nyumba, yakisomeshwa na injinia kutoka bara, Bi Njeri, mama mpole lakini akishika chaki wadhani ameshika upanga. Siku hiyo tulikuwa twachora vile boriti inavyoumia ikibebeshwa mzigo uliotandazwa sawasawa juu yake, na picha ni mbili. Ya kwanza ni ya nguvu inayotaka kuikata boriti, na mimi (skuli niliiona kwa nje tu) nikaichora nikapatia: kwenye kuta nguvu ni kubwa, yapungua, yapungua, ikifika katikati ni sifuri. Nikanyanyuka.

"Wenda wapi, Bwana Shee? Picha ya pili bado."

"Hii yanitosha, Bi. Hiyo nyingine wape wenye vitwa vigumu."

Haraka yangu ilikuwa Bi Zuhura, aliyekuwa achagua fundi wa dari yake mchana ule, dari ya chumba cha kutundika pembea, na mimi miaka yote nimewashikia wenzangu ngazi, hii ndo ingekuwa dari yangu ya kwanza. Ili nimwonyeshe kazi yangu, nikalaza boriti juu ya nguzo mbili za mawe uani kwake, na ili kamba ya pembea isiteleze nikaichonga shingo pale katikati, nyembamba kama ya kuku.

"Fundi, hapo hupamalizi nguvu?" akauliza Bi Zuhura.

"Katikati ni sifuri, Bi. Hapana nguvu kabisa. Nimechora kwa mkono wangu, na picha ya pili ni ya wenye vitwa vigumu."

"Basi kaa wewe kwanza, mimi nna wajukuu."

Nikakaa. Mtaa mzima umejaa mlangoni, hata punda wamesimama. Nikajisukuma mara moja, nikatabasamu, nikajisukuma tena, boriti ikalia kwaa, ikakatika pale pale shingoni, nami nikaruka mpaka Kipungani nikarudi, nikatua matako kwanza ndani ya karo la chokaa mbichi. Kikoi kilibaki kwenye kamba (nilivaa kaptula, alhamdulilahi, matundu yake msiulize).

"Hiyo sifuri imekuumiza wapi, fundi?" Bi Zuhura hakucheka, waliobaki walicheka na fungu lake. "Kesho namwita mwingine. Ukimtangulia na hiyo picha ya pili, tutasikizana."

Sikwenda nyumbani. Nilijimwagia ndoo ya maji nikashika ndia vile vile, mweupe kama maiti, watoto nyuma yangu, mpaka darasani. Bi Njeri alikuwa afuta ubao.

"Bi, ile picha ya pili."

Akanitazama juu mpaka chini. "Naona mmeshakutana."

Picha hiyo ni ya kupinda: kwenye kuta sifuri, kisha yavimba, na katikati, pale nilipochonga mimi, ina tumbo la miezi tisa. Nilichora nikakosea, nikafuta nikachora, chokaa yanikauka mwilini yapasuka kama udongo wa kiangazi, na sikunyanyuka mpaka tumbo likakaa pahala pake.

Asubuhi nikamkunjulia Bi Zuhura karatasi yenye picha.

"Sasa pembea utaifunga wapi?"

"Hapa hapa katikati, Bi, lakini boriti mbili nene zilale pamoja, kamba izizunguke kwa nje, na patasi naiwata nyumbani."

Akaniangalia kaptula, akanitazama ndani ya mato, akafungua mlango.

Dari ile nimeimaliza. Lakini nimeapa, mwalimu akiniambia bado, hata nyumba iwake moto, mimi nimekaa.