Zamu yangu ya kupaliliwa wimbi ilipofika, kanisa lilikuja na vitabu vya nyimbo

Wakuu, habari za humu. Hii si hadithi ya kutungwa. Ilinipata mimi mwenyewe upande wa Birongo, Kisii, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, na waliokuwepo wengine bado wako hai.

Akina mama wa kanisa walikuwa wamefumba macho uani kwangu, wanaomba.

Kiongozi wao, Mama Yunes, alipofika mahali pa "Bwana, wewe mwenyewe shuka upalilie shamba la binti yako", nilisimama. Nikabeba sufuria ya uji niliyokuwa nimewapikia, nikairudisha jikoni, nikafunga mlango.

Walisema amina, wakafumbua macho, wakakuta vikombe tu.

"Mama Kemunto, uji umeenda wapi?"

"Uji ni wa anayepalilia," nikamwambia. "Umesema ni Mungu. Basi nitamngojea aje anywe."

Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mama Yunes hakucheka.

"Hii ndiyo shida ya kusomesha wasichana mpaka Form Two," akasema. "Wanajibizana hata na maombi."

"Sijajibizana na maombi, mama. Najibizana na wewe."

Sasa ngojeni niwape background, maana najua kuna watu humu tayari wanaandika "huyu mama hana imani".

Imani ninayo. Mpaka leo. Nimeingia humu kwa sababu wiki hii nimesoma uzi wa mama mmoja ambaye nyumba yake imeanguka, na comments zote ni "mtegemee Mungu tu dada". Watu mia, hakuna hata mmoja aliyeuliza anaishi wapi ampelekee bati. Nikamwambia mjukuu wangu, nifungulie hii kitu, leo nitaandika.

Mwaka ule mume wangu alianguka kutoka juu ya lori pale Keroka, akavunjika paja. Wakamlaza hospitali ya mission, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Mtu mzima analala chali miezi, anatazama dari.

Mimi nilikuwa na mtoto wetu Kemunto, na mdogo wake, na mimba kubwa.

Halafu ikanyesha mvua ya mawe. Mnaoijua Kisii mnajua ile kitu. Mahindi yalilala chini yote, ndizi zikachanika majani kama matambara. Kilichobaki ni wimbi, yaani ulezi, kwa sababu ilikuwa bado fupi. Hiyo wimbi ndiyo ilikuwa chakula chetu mpaka mavuno mengine. Ikifa, watoto wangu wanalala njaa. Hesabu yake ilikuwa rahisi hivyo.

Kwa wale wa mjini: wimbi haipaliliwi kama mahindi. Kuna gugu linalofanana nayo kabisa likiwa changa, unainama unachambua jani kwa jani. Mtu mmoja hawezi. Ukichelewa, gugu linameza shamba na unavuna nyasi.

Ndiyo maana sisi tulikuwa na risaga. Majirani mnaungana, leo mnalima kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mzunguko uishe. Zamani watu walilipwa pombe. Sisi wa Sabato tukaweka uji.

Nilikwenda kwa wote. Na tumbo langu lile, nilipalilia kwa kila mama wa kikundi. Kwa Mama Yunes nilipalilia shamba kubwa kuliko yote, maana mume wake ndiye alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa baraza. Hakuna aliyeniambia, "Mama Kemunto, wewe kaa, Mungu atapalilia."

Nikajifungua. Zamu yangu ikafika.

Nikawaona wanapanda kilima, vitambaa vyeupe kichwani, safi kama wanaenda ubatizo. Nikatafuta majembe kwa macho. Hakuna. Ni vitabu vya nyimbo.

"Mokamwana," Mama Yunes akaniita, yaani mke wa mtoto wetu, kwa ile sauti ya sukari, "nimeonyeshwa kwamba haya yako ni majaribu. Kama ya Ayubu. Sisi tukiingiza jembe hapa, tutakunyang'anya baraka. Wewe tulia, umtegemee Bwana."

Wakaimba. Wakanywa uji, tena wakaongeza. Uji wa wimbi niliyokuwa nimebakisha kwa ajili ya mbegu. Wakashuka.

Nilikuwa mke kijana, mume hayuko, unafikiri ungesema nini?

Wiki iliyofuata wakarudi. Nyimbo zilezile, uji uleule. Baada ya wao kuondoka nikamlaza mtoto kwenye kikapu ukingoni mwa shamba nikaanza kuchambua peke yangu. Nilipoinua mgongo nikatazama kilima cha pili, ng'ambo ya mto.

Vitambaa vyeupe! Wamejipanga mstari, wameinama. Wako kwenye shamba la pili la Mzee wa kanisa, wanapalilia. Majembe walikuwa wameyaficha kwenye ua wa Mama Yunes.

Zamu yangu ilikuwa imehamishwa, wakuu. Mimi nikapewa Ayubu, Mzee akapewa majembe.

Nilikaa chini katikati ya wimbi nikalia. Halafu nikaomba, ombi fupi: "Mungu, nipe mgongo." Basi. Nikaendelea kuchambua mpaka mtoto alipolia.

Na kesho yake, kabla jua halijatoka, nikamkuta Kerubo shambani. Kerubo alikuwa mama wa kikundi hichohicho, na ndiye aliyekuja kukohoa siku ya uji. Alikuwa ameinama, jembe mkononi.

"Usiniulize kitu," akasema. "Chambua upande huo. Mama Yunes akiniona ataniombea na mimi."

Tukacheka mpaka mtoto akaamka.

Hapo ndipo nilipojua ombi langu limejibiwa. Mungu alikuwa amenitumia mgongo, lakini wa Kerubo. Lakini migongo miwili haikutosha shamba lile, na gugu halingoji mtu. Ndipo wakaja mara ya tatu na nyimbo zao, na nyinyi mnajua kilichoupata uji.

Sabato haikufika kabla sijaenda kwenye baraza la wazee. Mzee mwenyewe amekaa kwenye kiti cha mbele. Mimi nimesimama, mtoto mgongoni.

"Mama, unalalamikia maombi?" akaniuliza, na wazee wakatabasamu.

Nikamwambia karani aandike, kwa sababu mimi nitasema polepole.

Mkitaka kujua kilichofuata: walikuja. Kikundi kizima, na majembe, na Mama Yunes alipalilia kutwa bila kunisemesha neno. Sehemu ya chini ilikuwa imeshamezwa na magugu. Ya juu tulivuna. Watoto walikula, na baba yao alirudi akichechemea akakuta uji.

Nilichojifunza ni hiki. Kumtegemea Mungu ni jambo unalofanya wewe mwenyewe ukiwa kwenye shida yako. Ukimwagizia mwenzako ili wewe usichafuke mikono, huo ni uvivu umevaa kitambaa cheupe.

Wanaosema nilivunja adabu, uwanja ni wenu, semeni. Ila kwanza someni malalamiko yenyewe, kama nilivyoyatoa mbele ya baraza:

"Mwenyekiti na wazee wa kanisa. Mimi ni muumini niliyebatizwa hapa. Nalalamika juu ya kikundi cha akina mama na kiongozi wake. Nilipalilia mashamba yao yote nikiwa na mimba. Zamu yangu ilipofika waliniletea nyimbo, na majembe wakayapeleka kwa mwenyekiti. Sikatai kuombewa. Nakataa kulipwa wimbo mahali nilipotoa jasho. Naomba baraza lichague moja. Ama waje kwangu na majembe kabla magugu hayajamaliza chakula cha watoto wangu. Ama, kama ni kweli imani inatosha kupalilia, kanisa litangaze Sabato hii kwamba hakuna muumini atakayeshika jembe tena, na tuanze na mashamba ya mwenyekiti, kwa sababu yeye ana imani kubwa kutuzidi sisi wote."