Mgongo Usiouma

Siku ile nilipaswa kukataa. Mjumbe wetu wa wafanyakazi, yule aliyetusemea kwa wakubwa wa kampuni, alinivuta kando ya karakana pale kwenye mgodi wa Mashamba akanipa shauri, nami nikalipokea kama zawadi. Nilikuwa dereva wa lori kubwa la kutoa mawe shimoni. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiumwa pale ambapo mtu mzima hapataji mbele za watu: chini, ndani, katikati ya mapaja. Nikiketi, moto. Nikikojoa, moto. Nikimkaribia mke wangu, moto mpaka asubuhi. Nilimnong'oneza mjumbe kwa sababu alizijua njia zote za hospitali ya kampuni.

Alinisikiliza huku akitazama nyuma yake, kana kwamba nimemwonyesha shaba ya wizi.

"Muzee, usiseme ile kitu kwa munganga. Batasema uliipata kwa banamuke ba barabara. Sema mugongo. Mugongo hakuna mutu anaicheka, na kampuni inalipa."

Basi nikasema mgongo. Shauri lilikuwa lake, lakini mdomo ulikuwa wangu.

Kolwezi mgongo ni ugonjwa wa heshima. Kila aliyepanda lori anao, na asiye nao huuazima siku ya kuomba ruhusa. Mwenye mgongo husalimiwa kwa upole, na popote aingiapo watu huinuka wampe kiti. Kwangu mimi kiti ndicho kilikuwa adui, lakini nani angejua? Walinikalisha kwa huruma, nami nikakaa kwa adabu, jasho likinichuruzika hadi kwenye soksi.

Hospitali ikanipeleka kwa kine, ndivyo tunavyowaita wataalamu wa kunyoosha misuli na viungo. Wa kwanza alikuwa na mikono kama koleo. Zamani alikanda wachezaji wa mpira, na hakuona tofauti kati ya beki na babu. Alinilaza kifudifudi, akaniwashia taa nyekundu, akatoka kwenda kuzungumza kwenye simu. Mgongo wangu ulilainika kama bukari, ugali wa kwetu, na ule moto ukabaki mahali pake, haukuguswa wala haukusalimiwa. Wa pili alipenda mashine. Alinibandika nyaya, na umeme ulipokatika akatangaza kwamba kikao kimekwisha na maendeleo ni mazuri. Wa tatu alinipa mpira wa kuvuta akaniamuru nikaze: nikaze tumbo, nikaze makalio, nikaze kila kinachokazika. Nilitii kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kwa nini baada ya mazoezi yale nilishindwa kuketi kabisa, sikumuuliza. Ningemuulizaje? Mgongo hauhusiani na kuketi.

Siwatukani sana. Ukimwita fundi umwonyeshe mlango mzima wakati paa linavuja, atakutengenezea mlango. Ndivyo walivyofanya. Sidhani kama kuna mzee katika mkoa mzima wa Lualaba aliyetunziwa mgongo wake mzima kama mimi. Hata muuza mizizi wa sokoni alinisimamisha, maana habari za ugonjwa wangu zilikuwa zimefika mpaka kwake. Akanikonyeza akisema nikinywa dawa yake nitashukuru mimi, na mama nyumbani atashukuru zaidi. Nilinunua. Hakuna aliyeshukuru.

Mke wangu naye nilimwambia mgongo. Hapo ndipo upumbavu wangu ulipohamia nyumbani. Kila jioni alichemsha maji, akachovya kitambaa, akanikanda kiunoni huku akiniuliza kama ni hapa au pale. Nilijibu ni pale, popote mkono wake ulipokuwa. Kitandani niligeukia ukuta. Alivumilia mwaka, akavumilia mwingine, kisha siku moja nikiingiza gunia la unga kutoka kwenye geti alisimama mlangoni akanitazama mpaka nikalitua, akaniita tata, yaani baba, kama kila siku.

"Mugongo yako inabeba unga muchana, tata. Usiku tu njo inaniogopa?"

Nilicheka. Kisha nikaliinua gunia tena.

Nilipostaafu, hospitali ya kampuni ilinisahau kwa kasi ambayo haikuwahi kuionyesha iliponitibu. Nikahamia kituo kidogo cha afya cha masista mjini. Pale nilimkuta kine mwanamke, mtu wa makamo, mzaliwa wa Tenke, aliyeletwa kushika nafasi ya mwenzake kwa muda. Huyu hakukimbilia taa. Aliniambia niketi kwanza, akatazama ninavyoketi.

"Tata, unaegemea paja moja. Mutu wa mugongo haketi vile. Iko inauma chini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Miaka yote ile nilikuwa nikingoja swali hilo, na sasa limekuja nikiwa nimetenganishwa na wagonjwa wengine kwa pazia la kitenge tu. Upande wa pili alilala mzee mmoja wa kanisa langu, ambaye mpaka dakika ile alikuwa akiguna. Alikuwa ameacha kuguna.

Mama yule alielewa, akashusha sauti. Akanieleza kwamba chini ya nyonga kuna misuli inayoshikilia kibofu, na kwamba kwa watu wengine, hasa walioketi miaka kwenye lori linalotikisika, misuli hiyo hujikunja kama ngumi ikasahau kufunguka. Kuifungua ndiko alikosomea Lubumbashi. Wanaume humjia, wengi, wazee kwa vijana. Wala si ugonjwa wa barabarani.

"Haiko haya," alisema. "Ni misuli tu."

"Mugongo, mama," nikajibu, kwa sauti ya kutosha kuvuka pazia.

Alinitazama kidogo, akapasha viganja vyake joto, akanikanda mgongo. Sijawahi kukandwa vizuri namna ile mahali pasipouma.

Masika ya mwaka ule ule mke wangu alifunga mizigo yake kwenda Dilolo, kwa binti yetu anayefanya biashara mpakani. Kwa majirani alisema anakwenda kulea wajukuu. Kwangu hakupamba.

"Kama uko na mwingine, kaa naye. Mi sikukatazi."

Mwingine! Mimi, niliyeshindwa hata benchi la kanisani. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kumwambia, na nilikuwa nayo kinywani. Badala yake nilibeba sanduku lake hadi barabarani, kwa mgongo ule ule mgonjwa.

Nyumba ilipokuwa tupu ndipo ujasiri uliponijia, kama polisi wanavyokuja baada ya mwizi kuondoka. Nilirudi kwa masista kusema ukweli. Kine alikuwa amekwisha kurudi Lubumbashi, na mahali pake ilikuwepo taa nyekundu. Sista alinipa namba ya simu ya mama yule. Lakini njia ya Lubumbashi ni saa nyingi za kuketi, na kuketi ndiyo maradhi yenyewe. Jirani yangu, msafirishaji Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Kasongo, alinitandikia magunia matupu nyuma ya lori lake. Nikasafiri nimelala chali, wapita njia wakivua kofia kama mbele ya maiti.

Safari hii, kwake Lubumbashi, hapakuwa na pazia: mlango ulikuwa wa mbao, nao ulifungwa. Nilisema yote kabla sijavua kofia. Mama yule hakucheka. Alinipima, akapata misuli ilipojifunga, akaanza kuifungua polepole. Akanifundisha kupumua hadi chini ya tumbo, na kulegeza, mimi niliyefundishwa kukaza. Niliendelea nyumbani juu ya mkeka, na mara kwa mara alinisahihisha kwa simu. Moto ulianza kupungua.

Nilipoweza kuketi muda wa mahubiri mazima, nilipiga simu Dilolo. Nilimweleza mke wangu kila kitu, mahali panapouma nikapataja kwa jina lake.

"Ungeniambia ile wakati, tata, tungeitafuta sisi wawili," alisema. "Sasa mi nimezoea huku."

Nilimwomba arudi. Akaniuliza kama ninakula vizuri.

Leo ninaketi bila jasho na ninalala usiku kucha. Lakini kwa kukubali kusema mgongo nilimpoteza mke wangu. Yuko hai, yuko Dilolo, na hatarudi kuishi nami.