Beti Tatu za Peke Yetu

Sifa ni zako, Bwana, uliyetupa pumzi kabla hatujajua kuiomba, ukatupa na koo la kukurudishia pumzi hiyo ikiwa wimbo. Umenifikisha umri huu nikiwa bado nasimama kwenye safu ya besi kila Jumapili, ingawa magoti yananung'unika. Nakushukuru kwa hayo, na kwa haya ninayotaka kuyasimulia.

Kwetu ni upande wa Kimulot, pale chai inapoishia na msitu wa Mau kuanza. Mimi na mke wangu tuna shamba la chai lisilo kubwa na ng'ombe wa maziwa, na sote wawili tumo katika kwaya tangu tulipooana. Mimi niko nyuma na wanaume. Yeye yuko mbele, ndiye anayeanzisha, na nyimbo nyingi za kanisa letu watu wamezijua kupitia sauti yake.

Lazima nieleze jinsi tunavyoimba, maana hapo ndipo shida ilipotoka. Kwetu wimbo huanza chini na kuishia juu. Ubeti wa kwanza unaimbwa mahali ambapo kila mtu anafika. Ubeti wa pili, anayeongoza anainua sauti kidogo, na sisi wote tunamfuata. Kufika ubeti wa mwisho soprano wako kwenye mabati na sisi wa besi tumegeuka tenor. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Kwaya inayobaki mahali pamoja tunaiita baridi, na watu hurudi nyumbani wakisema leo hakukuwa na moto. Hata mchezaji wetu wa kinanda amezoea. Akisikia tumepanda, anabonyeza kitufe fulani na kinanda nacho kinapanda.

Mwaka huo kanisa letu liliandaa tamasha la shukrani mjini Kericho. Okestra ingetoka Nairobi, pamoja na waimbaji wawili wa kuimba peke yao, mama wa soprano na bwana mmoja wa besi, na mwongozaji mgeni aliyesomea kazi hiyo ng'ambo. Kwaya iliyochaguliwa ilikuwa yetu. Tangazo liliposomwa kwamba kondakta, yaani mwongozaji huyo, atakuja kutusikiliza na kwamba ni mwanamke, mke wangu aliniinamia kwenye benchi.

"Kondakta? Atatuitisha nauli?"

"Nyamaza, mama, tuko kanisani."

Alikuja siku ya Jumamosi, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya matope na kicheko chepesi. Alitueleza kazi yenyewe. Sehemu ya nne ilikuwa ule wimbo wetu wa maziko, tunaoimba tukishusha jeneza. Waimbaji wageni wangeimba ubeti wa kwanza pamoja na okestra. Halafu vyombo vyote vingenyamaza, na kwaya ingeimba beti tatu peke yake, bila chombo hata kimoja. Kisha okestra ingerudi na kutukuta hapo tulipo.

Tulimwimbia. Tuliimba vizuri, naweza kusema hivyo bila kujisifu, kwa sababu sauti si zetu. Tulipomaliza alibonyeza noti moja kwenye kinanda, ile tuliyoanzia. Ilisikika mbali sana chini yetu, kama mtu anayeita kutoka bondeni.

"Mmepanda," alisema.

"Ndiyo," tukajibu, wengine wakitabasamu. Tulidhani anatusifu.

"Okestra haina kitufe. Wakirudi watakuwa hapa." Akabonyeza tena. "Na ninyi mtakuwa huko juu. Watu watafunga masikio."

Akatuambia wazi. Tukishindwa kubaki chini, hatatuaibisha. Ataweka fidla zicheze polepole chini yetu tangu mwanzo, zitushike. Ila hizo beti hazitakuwa tena za sauti za watu peke yao. Kisha akamtazama mke wangu.

"Mama, ni wewe unayewainua."

Mke wangu si mtu wa kuambiwa hivyo mbele ya kwaya yake.

"Ni mimi," akasema. "Nisipowainua watalala."

"Waamshe bila kuwainua."

"Kwa kitu gani basi?"

"Kwa maneno. Ukisikia hamu ya kupanda, punguza sauti. Imba taratibu zaidi, tamka kila neno kama unampa mtu mkononi."

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, alitembea mbele yangu mpaka kwenye kijito. Hapo akasimama.

"Wazazi wangu wote wawili nimewazika kwa wimbo huo," alisema. "Hapakuwa na kinanda, hapakuwa na kitu. Leo waniwekee fidla chini, kama mtoto anayeshikwa mikono ajifunze kutembea? Hapana, mzee. Nitabaki chini hata kama ni kwa kujifunga kamba."

Mimi nilikuwa na swali langu la kimya, na nitaliandika. Miaka yote nimefundisha darasa la ubatizo, na mara nyingi nimewaambia vijana kwamba moto wa wimbo ni kazi ya Roho. Je, tukiuzuia wimbo usipande, tunamzuia nani? Nililiombea hilo nikikama ng'ombe asubuhi. Sikupata jibu la haraka. Nilipata tu utulivu wa kuendelea na mazoezi, na nimejifunza kuupokea utulivu huo kama jibu.

Kanisa letu liko chini kidogo ya kiwanda cha chai. Ukisimama uani unasikia feni za kunyausha majani zikinguruma mchana na usiku, sauti moja isiyobadilika, mpaka sisi tuliozaliwa hapa huwa hatuisikii tena. Jioni moja, baada ya watu kupeleka majani kituoni kupimwa, tulifanya mazoezi nje kwa sababu ndani walikuwa wakipaka rangi. Tuliimba zile beti tatu. Tuliponyamaza, tenor wetu mmoja, kijana wa kutoka upande wa ziwa anayefanya kazi kiwandani humo, akaanza kucheka.

"Nini?" mke wangu akauliza.

"Mama, tulianza na feni tukiwa pamoja. Feni haijatoka mahali pake. Wewe ndiye umehama."

Tukasikiliza. Ilikuwa kweli. Ile sauti ya feni ilikuwa pale pale, na wimbo wetu ulikuwa bado uko masikioni, na havikupatana.

"Hiyo feni haina Roho!" mke wangu akamjibu.

"Haina, mama. Lakini inafika kazini kila siku."

Watu walicheka mpaka alto mmoja akaketi kwenye nyasi. Mke wangu naye alicheka, halafu akafuta macho na kusema, "Haya. Simameni. Hiyo ndiyo doh."

Tangu siku hiyo tulifanyia mazoezi uani. Sisi tumejifunza nyimbo kwa solfa, si kwa zile noti za mistari, na katika solfa doh, ile sauti ya kuanzia, unaiweka unapotaka. Tuliiweka kwenye feni. Tulianza nayo, tukaimba beti tatu, tukanyamaza ghafla na kusikiliza kama bado tuko pamoja nayo. Siku za kwanza tulikuwa tumehama kila mara. Umeme ulipopotea na feni kuzima, tulienda nyumbani. Mvua ilipokuja tulijibanza chini ya paa la jikoni la kanisa na kuimba tukitazama kiwandani.

Kubaki chini ni kazi ngumu kuliko kupanda. Nilimwona mke wangu shambani, kapu mgongoni, mikono ikichuma majani mawili na chipukizi bila yeye kuitazama, midomo ikiimba polepole. Alifika ubeti wa tatu, akasimama, akatikisa kichwa, akarudia mwanzo. Majirani walidhani anajisemesha.

"Unaumwa?" mmoja alimwita kutoka shamba la pili.

"Naumwa na wimbo," akamjibu. "Chuma chai yako."

Polepole ilikuja. Kwanza tulihama kidogo tu. Kisha jioni moja tulinyamaza, na feni ikaendelea kama vile ni mmoja wetu aliyesahau kufunga mdomo. Hakuna aliyeshangilia. Tuliogopa kuiharibu.

Jumamosi ya kabla ya tamasha tulisafirishwa kwa basi hadi mjini kufanya mazoezi na okestra. Wengi walikuwa wamechuma chai asubuhi hiyo, kwa sababu majani hayangoji. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kukaa nyuma ya fidla nyingi namna hiyo, na tarumbeta, na ngoma kubwa za shaba. Mwongozaji alipoinua fimbo yake, ile sauti ya kwanza ilinipita kifuani, na nilisema jina la Bwana bila kujua. Halafu yule bwana wa besi akasimama na kuimba ubeti wa kwanza wa wimbo wetu pamoja na yule mama wa soprano. Sijui nani alimfundisha kuuimba hivyo. Aliimba kama mtu anayeshusha jeneza la mama yake mwenyewe. Niliona mabega ya mke wangu yakitetemeka.

Vyombo vikanyamaza. Tukaimba beti zetu tatu, kwa moyo wote uliokuwa umechemka. Okestra ikarudi.

Ilikuwa kama mlango kumbana mtu vidole. Wachezaji wengine walikunja uso. Mwongozaji alishusha mikono.

"Poleni," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira. "Mmejitahidi sana, nasikia. Hamkupanda kama mwanzo. Lakini kupanda kidogo ni sawa na kupanda sana, sauti hazipatani. Kesho fidla zitacheza nanyi. Tuendelee na sehemu ya tano."

Tuliendelea. Mazoezi yalipoisha, wachezaji walianza kufunga vyombo na sisi tukatoka nje kungoja basi. Mke wangu aliketi kwenye ngazi na kuvua kiatu kimoja, akakitazama, akakivaa tena. Kisha akasimama.

"Kwaya," alisema. "Jipangeni."

"Mama, basi linakuja," mtu akasema.

"Likija litangoja. Jipangeni. Pale ndani tulilia. Mimi ndiye nilianza kulia na nikawavuta. Sasa tutaimba bila kulia."

Dada mmoja wa okestra alikuwa akipita na fidla ile kubwa ya kuchezwa mtu ameketi, iko ndani ya kasha lake. Mke wangu alimshika mkono. "Binti yangu, tupe sauti ya kuanzia. Halafu usiende. Tukimaliza, tupe tena."

Yule dada alitutazama, akaketi kwenye ukuta mfupi wa maua, akafungua kasha. Alitupa sauti. Tukaimba hapo nje, pikipiki zikipita barabarani. Tulipomaliza alivuta upinde wake juu ya uzi, na sauti yake ikaingia ndani ya yetu kama maji ndani ya maji.

Tuliposikia mlango nyuma yetu, tuligeuka. Mwongozaji alikuwa amesimama na kikombe cha chai mkononi.

"Rudieni," alisema.

Tukarudia. Yule dada akacheza tena, na tulikuwa pale pale.

Mwongozaji alikunywa chai yake kidogo. "Sawa," alisema. "Kesho ni ninyi peke yenu. Msinifanye nijute."

"Hutajuta," mke wangu akasema.

Jumapili ukumbi ulijaa. Watu wetu walikuja kutoka Kimulot, wengine Merigi, wengine Kiptere, wamevaa nguo zao za Krismasi. Sehemu tatu za kwanza walisikiliza kwa heshima, kama wanavyosikiliza mgeni anayeongea lugha wasiyoijua vizuri. Kisha ukaja wimbo wetu. Waimbaji wageni wakaimba ubeti wao, vyombo vikanyamaza, na mwongozaji akatugeukia kwa mikono mitupu.

Ubeti wetu wa kwanza ulitoka safi. Nilihisi kila mtu yuko mahali pake.

Lakini hakuna aliyekuwa ameufikiria ukumbi. Kwetu mtu hakai kimya wimbo wa maziko ukiimbwa. Ni kama kukataa kumsindikiza marehemu. Katika ubeti wa pili bibi mmoja wa mstari wa mbele alianza kuimba, kisha waliomzunguka, kisha safu kwa safu mpaka nyuma. Niliona uso wa mwongozaji ukibadilika. Mkono wake uliinuka kidogo kuelekea kwa fidla, ukasita. Na tulipoingia ubeti wa tatu niliusikia, kutoka nyuma kabisa ya ukumbi, ule mvuto ninaoujua tangu utoto. Watu walikuwa wanajiandaa kupanda.

Mke wangu angeweza kuwashinda kwa nguvu. Ana sauti ya kutosha. Badala yake alipunguza. Aliimba taratibu, neno moja baada ya jingine, kama anampa mtu mkononi. Sisi tukapungua naye. Na ukumbi wote, ambao kwa miaka mingi umeifuata sauti hiyo popote ilipokwenda, ulilazimika kunyamaza kidogo ili uisikie. Wakaisikia. Iko pale pale chini. Wakabaki nayo.

Mwongozaji aligeuka nusu, mkono mmoja kwetu na mwingine kwa watu, akatuongoza sote. Sikusikia okestra ilipoingia. Nilitambua tu kwamba ilikuwa imo ndani yetu, na kwamba hapakuwa na mshono.

Baadaye alikuja kwa mke wangu, macho mekundu, fimbo imesahaulika kwapani.

"Sikupanga watu waimbe," alisema.

"Ungepanga vipi, binti yangu?" mke wangu akasema. "Wimbo ni wao." Akamshika mikono yote miwili.

Nami nilikuwa nimepata jibu langu, nikamshukuru aliyenipa. Roho alikuwapo, na hatukuwa tumepanda.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulindie sauti yako na wale unaoimba nao. Akupe kubaki mahali ulipowekwa siku ambayo wote wanaokuzunguka wanavutwa kwingine, na utakaponyamaza, akukutanishe na wenzako bila mshono. Amina.